Safari ya kumkanda mdogo wangu, sehemu ya 6: "Mmepima damu?"

Watoto wamelala, mwenzenu nimetoka zamu ya mchana miguu inawaka moto, ila niliahidi sehemu ya 6 ni leo, basi ni leo.

Kwa waliochelewa: mdogo wangu alikwenda kusoma Kipro (huku mtaani tunasema Saiprasi), akapata mimba, akajifungua kwa upasuaji mwezi wa pili mwaka juzi, nami nikachukua likizo yangu yote ya mwaka nikapanda ndege kwenda kumkanda. Sehemu ya 5 niliishia pale nilipofungua mlango nikakuta bibi wa Kituruki kasimama na sufuria mkononi.

Sasa kabla sijamwingiza ndani huyo bibi, ngoja nijibu swali mlilonitumia wengi. "Nesi, hiyo Kipro ni Ulaya au ni Uturuki? Mbona unasema wakala alimdanganya mdogo wako?"

Kipro ni kisiwa cha Bahari ya Kati, kule mashariki, kusini mwa Uturuki. Wasomaji wa Biblia mnakijua, ndiko alikotoka Barnaba wa Matendo ya Mitume. Wenyeji wake ni wa makundi mawili makubwa. Wagiriki wa Kipro ni Wakristo wa Orthodoksi, nao ndio wengi. Waturuki wa Kipro ni Waislamu, walianza kuwa sehemu ya kisiwa tangu dola la Ottoman lilipokiteka mwaka 1571. Halafu Mwingereza akaja mwaka 1878 akakaa hadi uhuru, Agosti 1960. Ndiyo maana magari yanapita kushoto kama kwetu na plagi ni zilezile za pini tatu. Nilinunua adapta Kariakoo kwa hela nyingi, nikairudisha haijatoka kwenye karatasi.

Walipopata uhuru walikubaliana rais awe Mgiriki na makamu wake Mturuki. Rais wa kwanza alikuwa Askofu Mkuu Makarios. Dada mmoja wa Nairobi aliniandikia kwamba jina hilo analijua, na kweli: seminari ya Waorthodoksi pale Riruta inaitwa kwa jina lake, na mwaka 1971 alifika Kenya akabatiza watu wengi sana. Kabla ya uhuru Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli, mwaka 1956. Kwa hiyo si mtu wa mbali nasi kiasi hicho.

Mpango ule haukudumu hata miaka minne. Desemba 1963 mapigano yalianza, na jenerali mmoja wa Kiingereza akachukua penseli ya kijani akachora mstari kwenye ramani ya mji mkuu kutenganisha mitaa. Mpaka leo unaitwa Mstari wa Kijani. Walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa walifika mwaka 1964, na hadi leo wapo. Kisha ukaja mwaka 1974. Julai 15 Wagiriki waliotaka kisiwa kiungane na Ugiriki, wakisukumwa na wanajeshi waliokuwa wakitawala Athens, walimpindua Makarios. Siku tano baadaye Uturuki ikaingiza jeshi. Mambo yalipotulia, zaidi ya theluthi ya kisiwa ilikuwa mikononi mwa jeshi la Uturuki. Wagiriki wapatao 160,000 walikuwa wamekimbilia kusini, na Waturuki zaidi ya 40,000 wakahamia kaskazini. Kila mmoja aliacha nyumba, mizeituni na makaburi ya wazee wake.

Mwaka 1983 kaskazini ikajitangaza kuwa jamhuri. Dunia nzima, Uturuki peke yake ndiyo inaitambua. Kusini ndiyo Jamhuri ya Kipro inayotambulika, iliyoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 na inatumia yuro. Kaskazini wanatumia lira ya Kituruki.

Sasa wakala alimwambia mdogo wangu, "Chuo kiko Kipro, Kipro iko Umoja wa Ulaya." Kwenye ramani hakudanganya. Ila chuo kilikuwa kaskazini. Ukiingia kwa uwanja wa ndege wa kaskazini, unaopitia Uturuki, serikali ya kusini inahesabu umeingia kinyume cha sheria, na Mtanzania wa namna hiyo havuki kwenda upande wa pili. Mtoto wa watu alifika pale akidhani yuko Ulaya, kumbe Ulaya iko mwisho wa mtaa na yeye haruhusiwi kuigusa.

Na mimi nilipita njia hiyohiyo. Siku ya tatu nilitoka kununua nepi, nikafuata watu tu, nikajikuta kwenye kivuko wanachokiita Lokmacı. Ni mtaa wa kawaida kabisa wa maduka ya viatu na mikoba, ghafla kuna vibanda vya polisi, halafu nyumba zilizokufa zenye madirisha bila vioo, halafu mtaa unaendelea. Naona mtu anakula aiskrimu upande wa pili. Watalii wanaonyesha pasi wanapita. Bibi mmoja mwenye mfuko wa mboga alipita kama mtu anayetoka sokoni. Kivuko kile kilifunguliwa mwaka 2008, vya kwanza kabisa vilifunguliwa Aprili 2003. Miaka 29 kabla ya hapo watu wa kawaida walikuwa hawavuki. Nilisimama pale na nepi zangu kama dakika kumi, polisi akaanza kuniangalia, nikageuka.

Haya, turudi mlangoni kwa bibi.

Mdogo wangu alimwita *teyze*, kwao ni mama mdogo, dada yake mama, na wanamwita hivyo mwanamke yeyote mzima wa kumheshimu. Alikuwa anakaa ghorofa ya chini. Kiingereza chake kizuri, cha shule za mkoloni. Kwenye sufuria, mama zangu, mlikuwa na mlenda! Sitanii. Wanauita *molohiya*, wanaanika majani yakakauka, wanapika na kuku na ndimu. Wiki iliyofuata alileta magimbi na nyama. Nikamwambia mdogo wangu, wewe umelia miezi tisa kwamba hakuna chakula cha nyumbani, na chakula cha nyumbani kinakaa ghorofa ya chini.

Tulielewana haraka kwa sababu ya arobaini. Nilikuwa nimemkataza mdogo wangu kutoka nje, bibi akasema na kwao mzazi na mtoto ni siku 40. Akaongeza, na Wagiriki pia ni siku 40, halafu mama anampeleka mtoto kanisani. Siku ya pili akaja na majani makavu ya mzeituni, akayachoma kwenye kijiko juu ya jiko na kumzungushia mtoto moshi, kwa ajili ya kijicho. Na hilo nalo Wagiriki wanafanya. Mimi kama nesi nilifungua dirisha, moshi na kichanga haviendi pamoja, lakini sikusema kitu. Bibi yangu mimi alikuwa akifanya hivyohivyo kwa ubani.

Siku ya sita mtoto alikuwa na njano kidogo. Bibi akaja, akamshika, akamgeuza kwenye mwanga, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba taratibu kama mtu aliyewahi kufanya kazi wodini. Akaniuliza, "Mmepima damu?"

Nikamjibu kikazi. Njano ya siku za kwanza ni kawaida, mtoto ananyonya vizuri, anakojoa vizuri, wamepima hospitali na kiwango chake hakitishi.

Akatikisa kichwa. "Siulizi njano. Nauliza wazazi wake. Mama na baba. Wamepima damu?"

Nikaelewa baadaye kidogo kwamba alikuwa anauliza kuhusu ugonjwa wa damu wa huko kwao, thalasemia. Ni ndugu yake na selimundu yetu. Mtoto anarithi kasoro ya damu kutoka kwa baba na mama, wote wawili, damu yake inakuwa haikomai vizuri, na ile aina kali inamlazimu kuongezewa damu kila wiki chache maisha yake yote. Kipro ni miongoni mwa sehemu zenye vinasaba hivyo kwa wingi duniani: takriban mtu mmoja kati ya saba ni mbebaji, Mgiriki na Mturuki sawasawa. Mbebaji mwenyewe haumwi. Na chanzo cha wingi huo ni kilekile cha kwetu, malaria. Mbebaji alikuwa anahimili malaria kali kuliko mwenzake, akaishi, akazaa. Kisiwa kile kilikuwa na malaria mbaya kwa karne nyingi.

Malaria waliimaliza. Mtu aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Mturuki wa Kipro, mkaguzi wa afya aliyeitwa Mehmet Aziz. Kuanzia mwaka 1946 kisiwa kiligawanywa vipande kama 500, wafanyakazi wa Kigiriki na wa Kituruki wakapita kipande kwa kipande wakipuliza dawa kwenye kila maji yaliyotuama, hata yale ya kwenye alama za kwato za wanyama. Kufika mwaka 1950 wakawa wameishinda. Malaria ilipoondoka ndipo ikaonekana vizuri kwamba wale watoto wenye matumbo yaliyovimba bandama na nyuso zilizopauka hawakuwa wote wa malaria. Daktari mmoja Mwingereza alishaandika juu yao mwaka 1944.

Bibi alikaa kwenye kochi akanisimulia, mtoto yuko mapajani mwake. Kwao ni Baf, mji ambao Wagiriki wanauita Pafos, kusini. Dada yake alikuwa na mtoto wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 60 walikuwa wanampeleka hospitali ya mjini kuongezewa damu, na kwenye benchi ileile alikuwa akikaa mama wa Kigiriki na mtoto wake wa namna ileile. Wale mama wawili walizoea kugawana mkate. Ikaja Krismasi ya 1963. Baada ya hapo Waturuki walikaa kwenye maeneo yao yaliyozungukwa, kutoka kwenda hospitali kukawa ni kubahatisha roho. Mtoto wa dada yake alikufa mwaka uliofuata. Mwaka huohuo kaka yao alitoka asubuhi na lori, hakurudi.

Mifupa ya kaka ilipatikana. Iko kamati ya watu waliopotea, ya pande zote mbili pamoja na Umoja wa Mataifa, iliundwa mwaka 1981, lakini kazi yenyewe ya kufukua ilishika kasi mwaka 2006. Orodha ina watu 2,002: Wagiriki 1,510 na Waturuki 492. Wanafukua visima na mashamba, wanapeleka mifupa kwenye maabara iliyo eneo la Umoja wa Mataifa, karibu na uwanja wa ndege wa zamani uliokufa tangu 1974. Vijana wanasayansi wa pande zote mbili wanapanga mifupa hiyo mezani pamoja. Ndugu wanatoa damu, inalinganishwa vinasaba. Zaidi ya watu 1,000 wameshatambuliwa. Bibi alitoa damu yake, akasubiri miaka, akaitwa. Akanionyesha kwa mikono urefu wa sanduku. Lilikuwa fupi. Kusini nako wapo kina mama waliosimama miaka nenda rudi kwenye kituo cha mpaka na picha za wanao kifuani, wengine wamekufa wakiwa bado wanasubiri.

Nilitaka kumuuliza kama anawachukia. Sikuuliza. Yeye mwenyewe akasema kwamba mwaka 2003 vivuko vilipofunguliwa alikwenda Baf kuona nyumba yao. Aliyefungua mlango alikuwa mama wa Kigiriki aliyekimbia kutoka Girne, kaskazini. Yaani yule anaishi nyumba ya huyu, na huyu alikuwa anaishi nyumba ya Wagiriki wengine. Walikunywa kahawa. Bibi akasema kwa kicheko, "Yeye aliiita kahawa ya Kigiriki, mimi nikaiita ya Kituruki, ilikuwa chungu kwa wote." Akaondoka na mfuko wa ndimu za mti uliopandwa na baba yake. Hakurudi tena. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ndimu zilimtosha.

Mambo ya kuungana tena sitawachosha nayo. Aprili 2004 walipiga kura juu ya mpango wa Umoja wa Mataifa: kaskazini asilimia 65 wakasema ndiyo, kusini asilimia 76 wakasema hapana. Kila upande una sababu zake na mimi nilikaa huko siku 28 tu.

Kilichonishika ni hili la damu. Watu hawa hawakukubaliana juu ya ardhi, bendera, wala jina la mji wao mkuu. Lakini miaka ya 70 madaktari walipiga hesabu wakaona kwamba watoto wa thalasemia wakiendelea kuzaliwa kwa kasi ile, damu na dawa za kisiwa kizima hazitatosha. Wakaanza kupima wachumba. Kusini Kanisa likakubali: huwezi kufunga ndoa bila cheti kwamba umepima. Kaskazini wakaweka kwenye sheria. Hiyo ni mwanzoni mwa miaka ya 80, wakati mstari umefungwa na watu hawaonani. Pande zote mbili watoto wanaozaliwa na thalasemia walipungua hadi karibu kuisha.

Msidhani walikuwa wanatenganisha wachumba. Cheti hakisemi "msioane", kinasema tu mmepima na mmeelezwa. Binti wa bibi alikutwa mbebaji, mchumba wake mbebaji, na wakaoana hivyohivyo, kama wengi. Waliangalia mimba mapema. Na hapa niwe mkweli, nisije nikawapamba: wengi katika hali hiyo, mimba ikionekana ina ugonjwa, waliitoa. Ndiyo sehemu kubwa ya siri ya takwimu zile. Kwetu sheria na imani ni nyingine na mimi siji hapa kumwambia mtu afanye nini na tumbo lake. Ninachosema ni kwamba walikuwa wanajua. Na mwaka 2000, kabla hata ya vivuko kufunguliwa, mtoto mmoja wa Kigiriki na kijana mmoja wa Kituruki walipougua saratani ya damu, watu wa kaskazini na wa kusini walipanga foleni kupimwa kama uboho wao unafaa.

Basi bwana. Bibi akarudia swali. "Mmepima?"

Mama zangu, nina miaka 14 kazini. Nimesimama mbele ya kina mama wajawazito mara ngapi sijui nikisema "selimundu ni ugonjwa wa kurithi". Na sikuwahi kumuuliza mdogo wangu wa damu. Baba wa mtoto ni kijana wa Bukavu, walikutana kwa sababu ya Kiswahili, walisikiana kwenye basi la chuo. Mtu wa Mwanza na mtu wa Bukavu. Wote watoto wa ukanda wa malaria. Sikuwahi kuuliza, na sababu naijua.

Tulikuwa na kaka. Alikufa mwaka 1996 ana miaka minne. Vidole vilikuwa vinamvimba akiwa mdogo, analia usiku kucha akishikwa mguu, macho ya njano, kila mara hospitali kuongezwa damu. Nyumbani ilisemwa ni mkono wa mtu. Na mtu mwenyewe alitajwa, mama jirani yetu, aliyewahi kumbeba siku moja kabla hajazidiwa. Mama yangu hakumsalimia tena yule mama. Nyumba zetu zilikuwa zinatazamana, chooni ukitoka unaona uwanja wake. Nilipofika chuo cha uuguzi, wiki tuliyofundishwa selimundu, nilikaa darasani nikajua moja kwa moja kaka aliugua nini. Nikafunga daftari. Sikusema nyumbani. Ningeanzaje? Mama angeanza kujiuliza yeye na baba ndio waliompa. Basi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukaendelea mpaka nikawa nimekaa kwenye kochi la watu, ugenini, naulizwa na bibi wa miaka karibu themanini swali ambalo ni kazi yangu.

Usiku ule nikamwambia mdogo wangu. Alikasirika kuliko nilivyotegemea. Kwa nini miaka yote hii, kwa nini leo ana mshono tumboni na mtoto wa wiki moja. Alikuwa na haki. Tulilala bila kuongea.

Kupima kwenyewe kulikuwa rahisi, kwa sababu ya thalasemia wenzetu wamezoea. Kile kipimo kinachochambua aina za himoglobini kinaonyesha selimundu pia. Mdogo wangu na mtoto walitolewa damu asubuhi. Baba wa mtoto alisema ana mtihani. Kesho yake akasema ana mafua. Nikajua anaogopa, nikamwacha.

Zile siku za kusubiri majibu, nilikuwa naamka usiku kuangalia vidole vya mtoto, ingawa naijua kazi yangu, naelewa fika kwamba kichanga hawezi kuonyesha dalili mapema hivyo, damu ya tumboni kwa mama bado inamlinda miezi ya kwanza. Bado niliamka.

Majibu: mdogo wangu AS. Mtoto naye mbebaji, si mgonjwa. Mdogo wangu alilia, bibi akaleta kahawa, mimi nilienda bafuni.

Baba alipima mwezi mmoja baada ya mimi kurudi. Akanitumia ujumbe wa herufi mbili tu: AS. Maana yake kila mimba yao ni kura mpya: nafasi moja kati ya nne mtoto awe mgonjwa, mbili kati ya nne awe mbebaji, moja kati ya nne asirithi kabisa. Kuzaliwa kwa huyu salama hakupunguzi kitu kwa anayefuata. Wanaongea sasa hivi, wawili wao. Mimi nimeombwa nisiingilie na ninajitahidi.

Nisiwaache bila la kushika. Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ndiyo tunaongoza. Ulizeni kipimo cha selimundu hospitali, cha mtoto na chenu wenyewe, hasa kama kwenu kuna mtoto aliyekuwa "damu inamkauka". Mtoto akikutwa mgonjwa mapema, anaanzishiwa penisilini ya kumkinga na maambukizi tangu miezi ya mwanzo hadi miaka mitano, foliki asidi, kinga ya malaria, chanjo zote, na kuna dawa ya hidroksiurea inayopunguza maumivu na kuongezewa damu. Homa kwa mtoto wa selimundu si ya kusubiri asubuhi. Vidole vikivimba, tumbo upande wa kushoto likijaa ghafla, akipauka ghafla, nenda hospitali usiku uleule.

Makaratasi ya mtoto ni hadithi nyingine. Cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa jina la nchi ambayo nchi yetu haiitambui, na ubalozi wetu wa karibu uko Ankara. Nitaandika sehemu ya 7, na huko ndiko wakala anakorudi.

Mimi nami nilipima, siku yangu ya mapumziko, nikakaa kwenye foleni ya maabara ya hospitali ninayofanya kazi, wenzangu wakinishangaa. AS. Mume wangu AA, tukashukuru.

Halafu Jumapili moja nikaenda kwa mama. Nilimsubiri amalize kuchambua mchele. Nikamweleza yote, kaka, vidole, macho, damu yake na ya marehemu baba, nikamwambia hakuna aliyefanya kosa, ni malaria ya mababu. Hakulia. Alikaa muda mrefu akitazama nje, upande wa uwanja wa jirani. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo mama yule hakufanya kitu?"

Nikasema hakufanya kitu, mama.

Akauliza kama bado anaishi pale. Kama vile haijui ile nyumba. Anaishi, nikamwambia, macho yamemsumbua, anashikwa mkono kwenda kanisani.

Mpaka leo mama hajavuka kwenda kwake. Ila wiki iliyopita alinipa kilo mbili za mchele kwenye mfuko, akasema nipitishe pale ng'ambo nikiwa natoka, na nisiseme zimetoka kwa nani. Nilisema.